Mdudu asiyejulikana jina hana dawa

Ndugu wamemba wa kooperative, wengi wenu mnatuuliza: juu ya nini wataalamu wanajisumbua kupatia kila kidudu jina lake la Kilatini? Jibu liko katika shamba la muhogo, na lilianzia hapa kwetu.

Kwenye mwaka 1973, kandokando ya Kinshasa na Brazzaville, vichwa vya muhogo vilianza kujikunja. Vifundo vya mti vikakaribiana, sombe ikapungua, mizizi ikabaki myembamba. Juu ya majani kulikuwa kidudu chenye unga mweupe, aina ya koshenili ambayo haikujulikana. Mwaka 1977, mtaalamu Mfaransa Danièle Matile-Ferrero aliieleza na kuipatia jina: Phenacoccus manihoti.

Mdudu mpya anaelezwa namna gani?

1. Anakamatwa na kuhifadhiwa, pamoja na karatasi inayosema mahali, tarehe na mmea aliokutwa juu yake.
2. Analinganishwa na ndugu zake wote wanaojulikana, kiungo kwa kiungo, chini ya mikroskopu.
3. Maelezo na michoro yake vinachapishwa, na mdudu mwenyewe anawekwa katika jumba la makumbusho ili wengine waweze kuhakikisha.

Kazi hiyo ilitusaidia nini? Muhogo ulitoka Amerika ya Kusini, basi watafiti wakaenda kule kutafuta adui wa koshenili. Kwanza walikuta koshenili inayofanana sana na yetu. Lakini maadui wake hawakuweza kuzaana ndani ya koshenili yetu. Kumbe ilikuwa aina nyingine! Ile ina madume na majike. Yetu ni majike tu, yanazaa bila dume. Ile nyingine ikapewa jina lake, Phenacoccus herreni.

Mwaka 1981, Anthony Bellotti aliikuta koshenili yetu yenyewe huko Paraguay. Pamoja nayo kulikuwa nyigu mdogo sana, Anagyrus lopezi. Mwaka uleule alianza kuachiliwa Nigeria, kisha katika nchi nyingi za Afrika, na kwetu pia.

Nyigu huyu haumi mtu. Jike linataga yai ndani ya koshenili. Mtoto anaila toka ndani mpaka inakauka na kuwa kama kichupa kigumu cha rangi ya kahawia. Kisha nyigu mpya anatoboa tundu na kutoka.

Sasa sisi tufanye nini shambani?

- Ukiona koshenili za kahawia, ngumu, ujue nyigu yuko kazini. Usipulize dawa, itamuua yeye pia.
- Chagua vipande vya kupanda toka miti safi. Koshenili inasafiri na vipande.
- Kwenye udongo wa mchanga uliochoka, nyigu anafanya kazi kidogo. Funika udongo na majani makavu, weka mbolea: muhogo unapata nguvu, na nyigu wanazaana vizuri.
- Ukikuta mdudu usiyemjua, mtie katika chupa ndogo yenye alkoli. Andika kijiji, tarehe na mmea, kisha mpelekee agronome wenu.

Hiyo chupa yenu ndiyo hatua ya kwanza ya ile kazi tuliyoeleza. Tukikosea mdudu, tutakosea na dawa, na anayelipa ni mkulima.