Jumba la Ghorofa Nyingi: Maji Yanapandaje?

Wengi wetu hapa Mtwara tunakaa nyumba za chini. Mikindani yapo majumba ya mawe ya zamani yenye ghorofa, lakini si marefu. Siku hizi watoto wetu walioko Dar es Salaam wanatuambia: "Mama, njoo ututembelee, tunakaa ghorofa ya nane." Mama anajiuliza, huko juu wanapata wapi maji? Leo tujifunze habari hiyo.

Mjini watu hujenga kwenda juu kwa sababu ardhi ni ghali. Pale Magomeni, Dar es Salaam, palikuwa na nyumba za chini zilizoitwa Magomeni Kota. Zilibomolewa, Serikali ikajenga majumba marefu ya familia 644. Yalizinduliwa Machi 2022.

Haya, tuanze na maji. Maji hushuka yenyewe, lakini hayapandi mpaka yasukumwe. Kuyapandisha mita 10 kwenye bomba kunataka nguvu ya karibu kilo moja kwa kila sentimita moja ya mraba. Nguvu ya bomba la mtaani mara nyingi haifiki mbali. Kwa hiyo chini ya jumba huwekwa tangi kubwa, na pampu huyasukuma maji mpaka tangi la juu ya paa. Kutoka huko yanashuka yenyewe jikoni na chooni. Jumba la Burj Khalifa kule Dubai, lililofunguliwa mwaka 2010, lina urefu wa mita 828. Majumba marefu kama hayo huwa na matangi katikati pia. Maji yote yakishuka kutoka juu kabisa kwa bomba moja, mabomba ya chini yatapasuka.

Pampu ikifa, je? Waulize wa Michenzani, Unguja, kwenye majumba yaliyoanza kujengwa miaka ya 1970. Watu wa juu wamewahi kupandisha maji kwa ndoo.

Sasa lifti. Hiki ni chumba kidogo kinachovutwa kwa kamba nene za waya. Upande wa pili wa kamba huning'inia uzito mwingine, kama ndoo mbili za kisima kimoja: hii ikishuka, ile inapanda. Hivyo mota haibebi mzigo wote. Na kamba ikikatika? Mwaka 1854 huko New York, Elisha Otis alisimama juu ya lifti yake mbele ya watu, akaamuru kamba ikatwe. Breki zikaishika. Breki za namna hiyo ndizo zilizowafanya watu wakubali kukaa juu.

Lakini umeme ukikatika na jenereta hakuna, lifti inasimama. Kijana atashuka kwa ngazi. Bibi mwenye magoti mabovu anakuwa mfungwa huko juu.

Tena moto ukiwaka, usipande lifti kabisa, shika ngazi. Ndiyo maana ngazi zisijazwe baiskeli na magunia ya mkaa. Mwaka 2017 jumba la Grenfell la London liliungua, watu 72 wakafa. Jumba lile la ghorofa 24 lilikuwa na ngazi moja tu.

Nani hulipia pampu, lifti na taa za ngazini? Wenye nyumba wote. Tanzania ina sheria ya mwaka 2008 ya kumiliki sehemu ya jengo: mtu ana hati ya nyumba yake, na paa, ngazi na lifti ni mali ya wote. Mmoja wa chini akisema, "Mimi situmii lifti, silipi," ugomvi huanzia hapo. Basi mwanao akitaka kununua, aulize kwanza michango hiyo ni kiasi gani kwa mwezi, na nani anaikusanya. Vigae vya sakafu ataviona mwenyewe.

Hesabu ya darasa: Kutoka chini mpaka kwa mwanao ni ghorofa 8 za kupanda. Kila ghorofa ina vidato 18 vya ngazi. Maji yamekatika, na mama anapandisha ndoo ya lita 20 mara 3 kwa siku. Anapanda vidato vingapi? Anapata lita ngapi?