Somo kwa Makatibu: Rangi ya Tangi la Pikipiki

Tuchukue chama cha waendesha bodaboda, kiwe cha Mbagala au cha Bunju. Bodi imekubali kwamba pikipiki kumi za chama zipakwe rangi upya. Mjumbe mmoja anasema, "Tangi litakiwe rangi ya mafuta," akiwa na maana ya rangi isiyodhuriwa na petroli. Katibu anaandika alivyosikia. Mnunuzi anakwenda Kariakoo na kurudi na rangi ya mafuta kama inavyojulikana madukani, yaani ile ya milango na madirisha ya chuma. Stakabadhi ipo, makopo yamehesabiwa, saini zimetimia. Baada ya majuma machache rangi imevimba kuzunguka mdomo wa tangi, kisha inabanduka kama ganda la muhogo uliochemshwa. Neno la kwanza kusikika katika kikao kinachofuata ni kwamba fundi ameiba rangi na kujazia thina.

Huenda fundi huyo hana kosa lolote. Rangi ya mafuta imeitwa hivyo kwa sababu ya mafuta yaliyomo ndani yake, ambayo hukauka kwa kuvuta hewa. Jina hilo halina ahadi yoyote kuhusu petroli. Ikikauka barabara huvumilia tone linalofutwa mara moja, lakini petroli ikikaa juu yake, au ikirudia mahali palepale kila siku, rangi hulainika na kuachana na chuma. Na tangi la bodaboda hurudiwa kila siku. Katika mitaa ya pembeni petroli hununuliwa hata kwa chupa, ikamiminwa bila mrija. Dereva aliyeishiwa hulaza pikipiki ubavu ili matone ya mwisho yafike kwenye kabureta, na mfuniko uliochakaa huachia mengine yapite.

Aina ya pili inayopatikana kwa wingi ni rangi ya selulosi. Hukauka upesi, hung'aa, na mafundi wengi huipenda kwa sababu kazi huisha siku hiyohiyo. Mafundi wa samani wa Keko hupata mng'ao mzuri kwa vanishi za jamii hiyo, na kabati haliwekewi petroli. Rangi hii hukauka kwa thina yake kuruka hewani tu. Ikikutana tena na kiyeyushi kinachoifaa hurudi kuwa laini. Petroli si kali kama thina, lakini ina vitu vya jamii hiyo, na kazi yake huonekana polepole. Tena, ikipulizwa wakati wa masika, unyevu wa hewa huganda juu yake ikabaki na ukungu mweupe.

Rangi inayofaa kwa tangi ni ile ya makopo mawili, ambayo mafundi huiita 2K: kopo moja la rangi na jingine la hadena. Vikichanganywa huungana na kuwa kitu kimoja ambacho hakiyeyuki tena, na hapo ndipo nguvu yake dhidi ya petroli inapotoka. Chini yake hupakwa praima ya epoksi, ambayo huzuia kutu na kushika chuma vizuri, ila isiachwe iwe rangi ya juu, kwa kuwa jua huifanya itoe vumbi kama chaki. Rangi ya unga inayookwa kwenye tanuri nayo huvumilia petroli vizuri, mahali ambapo tanuri lipo.

Kwa mtunza stoo, rangi hii ya makopo mawili ina tabia ambazo lazima azijue, la sivyo hesabu zake zitamtia matatani. Ikishachanganywa huwa ngumu katika muda wa saa chache. Masalio hayarudi stoo, na kopo lililoganda si ushahidi wa wizi. Hadena nayo huharibiwa na unyevu. Kopo lililofunguliwa na kuachwa katika hewa ya Dar es Salaam halitegemewi tena, hivyo kununua makopo makubwa ya akiba kwa kufuata unafuu wa bei ni hasara iliyofichwa. Zinunuliwe hadena na rangi za kiwanda kimoja, kwa kiasi cha kazi ya siku, na kipimo cha kuchanganya kifuatwe kama kilivyoandikwa kwenye kopo. Fundi anayezidisha hadena "ili ikauke haraka" anaharibu kazi sawasawa na yule anayeipunguza.

Kuna jambo zito kuliko fedha. Hadena nyingi za rangi hii zina isosayanati, ambayo mvuke na ukungu wake huweza kumtia mpulizaji pumu ya maisha. Akishapata, hata kiasi kidogo humrudishia kubanwa kifua. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii kitu, wala barakoa ya vumbi. Kazi hii yafaa ipelekwe kwenye karakana yenye chumba cha kupulizia na kifaa cha kumletea fundi hewa safi. Chama kisichoweza kupata huduma hiyo kisimwagize kijana apulize uani, kati ya nyumba za watu wa Tandika, kwa sababu tu bei yake ni ndogo. Kadhalika tangi lisichomelewe wala kupashwa moto kwa kuwa "limekaushwa": mvuke wa petroli uliobaki ndani hulipuka kwa cheche moja. Tangi lenye tundu lipelekwe kwa fundi anayejua kuondoa mvuke kwanza. Kulipaka juu ili kuziba tundu ni kazi bure, maana petroli huisukuma rangi kutoka ndani. Ndani ya tangi nako kusipakwe rangi ya kawaida kamwe, kwani itabanduka na kuziba kabureta.

Sehemu nyingine za pikipiki hazina haja ya gharama hiyo yote. Fremu na madigadi ya chuma hupata petroli mara chache. Ekzosi inataka rangi ya kuhimili joto, ambayo kopo lake hutaja nyuzi inazostahimili; 2K ya kawaida huungua hapo. Vifuniko vya plastiki vina praima yake.

Bodi itajuaje kwamba kilichonunuliwa ndicho? Apewe fundi kipande cha bamba la chuma, si bati la kuezekea, kwa kuwa bati hilo lina zinki na rangi hushika juu yake kwa namna nyingine. Akisugue kwa msasa na kukipaka kama atakavyopaka tangi. Kikae siku zilizotajwa na kiwanda, mara nyingi kama 7, kisha mahali pa wazi pasipo moto kiwekewe kitambaa kilicholowa petroli na kufunikwa kwa kifuniko cha chupa kwa nusu saa. Kikifutwa, kitambaa kisiwe na rangi, na ukucha usiache alama. Jaribio hili halina gharama ya kutajika, na lingemwokoa fundi wa mfano wetu na jina baya.

Siku hizo 7 ndizo zinazowashinda wengi. Rangi hukauka mkononi kwa saa kadhaa, dereva akaona imekwisha, akajaza petroli kesho yake kwa sababu hesabu ya siku inamngoja. Hana uroho, ana deni. Chama chenye pikipiki za aina moja kinunue matangi mawili ya akiba. Tangi la akiba lifungwe, pikipiki iendelee na kazi, na lililopakwa likae stoo mpaka likomae. Tuseme pikipiki huleta Sh. 8,000 kwa siku: siku 7 za kusimama ni Sh. 56,000 kwa kila moja, na kwa pikipiki kumi ni Sh. 560,000. Katibu aweke bei za matangi ya mtaani kwake kando ya hesabu hiyo na kuzipeleka mbele ya Bodi.

Muhtasari nao uandikwe kwa maneno yasiyo na utata: "rangi ya makopo mawili pamoja na hadena yake, isiyodhuriwa na petroli, kwa matangi tu." Rangi ikiwa tofauti na ile iliyoandikwa kwenye kadi ya pikipiki, taarifa ipelekwe TRA kabla trafiki hajauliza. Kipande cha bamba kilichojaribiwa kiandikwe tarehe na jina la rangi, kitunzwe pamoja na hati ya malipo, ili mkaguzi anapofika aone kilicholipiwa.