Karata za mtumba zinanuka moshi

*Nimenunua karata za mtumba mnadani. Zinanuka moshi hadi vidole vinanuka, na wanangu wanazipenda sana. Nizitupe?*
*Mama Wawili, Ngumbo, Nyasa*

Mama, usizitupe kwanza. Moshi, uwe wa sigara au wa kuni za kukaushia samaki, huacha masizi na lami nyembamba inayonata. Usoni karata ni laini, hufutika; harufu hujificha kingoni, karatasi ilipo wazi. Huko ndiko kwenye kazi.

Futa kila moja kwa kitambaa kilichokamuliwa sana, kisha kikavu. Zitandaze kivulini penye upepo siku mbili, maana jua kali huzikunja. Halafu zifungie ndani ya kopo pamoja na mkaa uliopondwa, ukiwa kwenye kibakuli chake ili usiziguse karata. Ziache humo wiki nzima, ukizigeuza. Msimu wa mvua unyevu wa ziwani huiamsha harufu, rudia tu. Manukato usipulize kabisa, yatachanganyika na moshi na kuwa kero zaidi.

Zikiwa na madoa ya ukungu, hizo zitupe. Mtoto akibanwa kifua anapozichezea, ziondoe na mpeleke zahanati siku hiyohiyo.