Kupanda Mmea wa Taa Penye Nyumba

Ndugu mkulima, ukiwa na uwanja mdogo hapo Sombetini waweza kuupamba mlango wako kwa mmea ambao tunda lake hukaa ndani ya ganda jembamba, mfano wa taa ya karatasi. Iko miwili ijulikanayo sana. Wa kwanza humea tangu kusini ya Ulaya hata Japani, na taa zake zikipevuka huwa nyekundu kama kaa la moto. Wajapani huuita hozuki, na penye hekalu la Senso-ji mjini Tokyo huwa na soko lake kila mwaka, tarehe 9 na 10 Julai. Wa pili ulitoka katika milima ya Amerika ya Kusini: maua yake ni ya manjano yenye madoa meusi ndani, na ganda lake likikauka hufanana na majani makavu. Huu wa pili huota wenyewe katika nchi za juu za Afrika ya Mashariki, wala mbegu zake hazina taabu. Ndio ninaokushauri uanze nao.

Ponda tunda lililoiva, osha mbegu, uzianike kivulini. Mwezi wa Februari zimwage kitaluni na kuzifunika kwa udongo kidogo sana. Huota baada ya wiki 2 au 3. Masika yakianza, hamisha kila mche katika debe lililotobolewa chini na kutiwa kokoto, maana maji yakituama mizizi huoza. Usizidishe samadi. Udongo wa Meru una rutuba yake, na mmea ulioshiba mno hutoa majani tele na taa chache. Ule mwekundu usiupande kabisa nje ya debe. Mizizi yake hutambaa chini ya ardhi na kuchipuka mbali.

Sasa angalia sana neno hili. Mmea wa taa ni wa jamaa moja na kiazi, nyanya, biringanya na tumbaku, na ugonjwa wa mnyauko huwapata hao pamoja. Kwa hiyo usijaze debe lako udongo wa shamba ambalo viazi vilinyauka. Mmea ukilegea ghafula hali udongo una maji, ung'oe pamoja na mizizi, uuchome, wala usiutupe katika shimo la mbolea.

Tena wako watoto. Tunda la manjano lililoiva barabara ni chakula kizuri. Lililo bichi lina sumu, na majani vilevile. Ule mwekundu na uwe wa kutazamwa tu. Kuna na gugu moja la mashambani lenye ganda kama taa, lakini maua yake ni ya buluu na tunda lake ni kavu, hilo haliliwi. Waonyeshe watoto maua yenyewe, kwa kuwa maganda hudanganya hata watu wazima.

Ukitaka taa za kupamba chumba, kata matawi maganda yakiwa yamegeuka rangi, ondoa majani yote, uyatundike vichwa chini mahali pa kivuli penye upepo kwa wiki 2 au 3. Yasikatwe na umande, yataota koga.