Ng'ombe Bila Ritifaa

Tangu 2015, darasa la kwanza na la pili nchini Tanzania yamejengwa juu ya KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Mwalimu wa madarasa hayo anawajibu wazazi kuhusu herufi mwambatano.

Mwalimu, mwanangu anasoma ba, be, bi bila kusita. Akikuta "nyanya" anakwama.

Amezoea kwamba kila herufi ina sauti yake. Hapa herufi mbili zinatoa sauti moja. Akitamka n, kisha y, kisha a, hafiki kwenye nyanya hata arudie mara kumi. Mpe nyanya mkononi, aitaje, asikilize inavyoanza. Ndipo umwonyeshe ny, kisha nya, nye, nyi, nyo, nyu. Ch ni nyepesi zaidi, kwa sababu katika Kiswahili c haikai peke yake.

Anaandika "ngombe". Ni uzembe?

Hapana, mama. Katika herufi mwambatano zote, mimi huipa ng' muda mrefu kuliko nyingine. Katika ngoma, g inasikika. Katika ng'ombe, sauti inabaki puani. Mwambie aivute ng' kama anayeimba: inavutika. Ng ya ngoma, hata akiivuta, lazima itue kwenye g. Kisha pangeni picha mafungu mawili: ngazi, nguo, ngamia huku, ng'ombe na king'ora kule. Ritifaa, ile alama ya juu katika ng', si pambo. Ngoa ni wivu, ng'oa ni kuchomoa.

Nyumbani kwetu "thamani" tunaitamka "samani". Nimkosoe?

Jikosoe wewe kwanza, baba, naye atafuata. Mtoto huandika anachosikia, na samani ni viti na meza. Kwa th, ncha ya ulimi iguse meno ya juu, pumzi ipite. Vivyo hivyo dhana na zana. Tafadhali, asichekwe, mtoto aliyechekwa huacha kusoma kwa sauti, na hapo hatumsikii tena anapokosea.

Na "mbwa", herufi tatu kwa mpigo?

Mpigishe makofi: m-bwa, makofi mawili. Bwa akishaijua, m inatangulia tu. Lakini embe ni e-mbe. Hapo mb haitengani. Kwa hiyo mimi huanza na embe na nyumba, mbwa baadaye. Kichwa kinasubiri ch izoeleke. Nywele nazo zinasubiri ny, hata kama kitabu kimeziweka ukurasa wa mbele.