Umeteuliwa kwenye kamati ya maadili ya utafiti? Anzia kwenye fomu ya ridhaa

Barua ya uteuzi ikifika, wajumbe wengi wapya hujiuliza: mimi si daktari, nitachangia nini? Swali hilo huwasumbua hasa wale wasiotoka kwenye taaluma ya afya: mwalimu mstaafu, mwanasheria, shehe, mchungaji, mama anayeheshimika mtaani kwake Kiseke, Mwanza. Wasiwasi huo hauna msingi. Wa kuchambua takwimu na dozi wapo mezani tayari. Anayehitajika ni mtu anayejua jirani yake wa Kiseke PPF atauliza nini siku mtafiti atakapopiga hodi.

Na Mwanza watafiti hupiga hodi kweli. Kuna kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), kuna Hospitali ya Bugando na chuo kikuu chake cha afya, CUHAS, vyenye kamati ya pamoja ya maadili. Kati ya 1991 na 1994, utafiti uliofanyika katika jamii 12 za mkoa huu ulionyesha kuwa kuboresha matibabu ya magonjwa ya ngono kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Dunia nzima ilijifunza kutokana na miili ya watu wa huku. Kazi ya mjumbe ni kuhakikisha watu hao wanajua wanachokubali, na hawaumizwi kwa kukubali.

1. Soma fomu kabla ya andiko

Andiko la utafiti linaweza kufika kurasa 80. Ukianzia ukurasa wa kwanza, utafika kwenye fomu ya ridhaa umeshazoea lugha ya mtafiti na hutaona tena ugumu wake. Geuza mpangilio: fomu kwanza.

Tuseme utafiti ni wa kichocho kwa watoto wa shule za msingi karibu na mwalo wa Igombe. Fomu inasema: "Sampuli ya damu ya mililita 10 itachukuliwa kwa ajili ya tathmini ya viashiria vya kinga." Isome kwa sauti ukiwa peke yako, maana nyaraka za kamati ni siri. Ulimi ukikwama, mzazi naye atakwama. Pendekeza: "Tutamtoa mtoto wako damu mkononi, kiasi cha vijiko viwili vya chai, tuone mwili wake unavyopambana na kichocho." Andika sentensi yako pembeni ya ile ya zamani. Ukisema tu "lugha ni ngumu", mtafiti hajui arekebishe wapi.

Uliza pia kama kuna Kisukuma. Kwa bibi anayelea wajukuu, Kiswahili cha ofisini huenda kisitoshe.

2. Jibu maswali ya mlangoni

Fikiria kijana wa utafiti ameamkia, "Shikamoo mama," akaitikiwa, "Marahaba, karibu." Maswali yanayofuata ndiyo mtihani wa andiko:

- *Damu hiyo mnaipeleka wapi?* Kama inasafirishwa nje ya nchi au inatunzwa kwa utafiti mwingine, fomu iseme, na mzazi aweze kukataa hilo peke yake. Uvumi wa damu kuuzwa hustawi pale maelezo yanapokosekana.
- *Akikutwa anaumwa, mtamtibu?* Kupima na kuondoka hakukubaliki. Dawa ya kichocho, prazikwanteli, ipo, lakini humsumbua zaidi mtoto mwenye tumbo tupu. Tafuta kwenye bajeti: nani anawapa watoto chakula asubuhi ya dawa?
- *Nikikataa, nitanyimwa huduma?* Jibu liwe hapana, tena liandikwe wazi. Angalia nani anaomba ridhaa. Daktari anayemtibu mtu au mwalimu mkuu wa mtoto ni vigumu kuambiwa hapana.
- *Nitapata nini?* Nauli na muda vifidiwe. Kiasi kikiwa kikubwa mno, mtu atakubali hatari ambayo asingeikubali. Kikiwa kidogo mno, maskini ndiye anayegharamia utafiti.

Kwa mtoto, kumbuka Sheria ya Mtoto ya 2009: aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Mzazi au mlezi aridhie, na mtoto anayeelewa aulizwe pia. Akisema hataki, mzazi asimlazimishe kwa niaba ya mtafiti.

Kuhusu taarifa, tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023. Uliza majina yanatenganishwaje na majibu, nani ana orodha, na itafutwa lini.

3. Tangaza maslahi yako, kisha toka

Mtafiti ni mwanafunzi wako, ndugu yako, au mnashirikiana kwenye mradi? Sema kabla mjadala haujaanza, toka nje, na katibu aandike kwenye muhtasari. Kukaa kimya huku ukiahidi kutopiga kura hakutoshi. Uso wako tu unawafunga wenzako midomo.

4. Toa uamuzi wenye sababu

Kamati hupitisha, hurudisha kwa marekebisho, au hukataa. Kila sharti liwe na sababu na njia ya kulitimiza. Usigeuke msimamizi wa tasnifu na kusahihisha nukta. Lakini utafiti ambao mbinu zake haziwezi kuleta jibu ni tatizo la maadili, kwa sababu watu watatobolewa sindano bure.

Kuchelewesha kazi nzuri nako kuna gharama. Mwaka 2017 ulianza hapa Mwanza utafiti wa chanjo ya HPV, ile ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, kwa wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14, ukilinganisha dozi moja, mbili na tatu. Matokeo yake yaliongeza nguvu kwenye ushahidi wa dozi moja, na mwaka 2024 Tanzania ikahamia kwenye dozi hiyo. Soma mapema, uliza mapema.

Wala usipitishe kwa kusema "watu wa juu wataona". Ni kweli kuna kamati ya taifa chini ya NIMR, kuna Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) kwa vibali vya watafiti wa kigeni, na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) kwa majaribio ya dawa na chanjo. Lakini wao hawajui daladala ya kutoka Kiseke kwenda Bugando huchukua muda gani asubuhi, wala mama wa mwaloni huanika dagaa saa ngapi. Wewe unajua.

5. Fuatilia baada ya kibali

Kibali kina muda na masharti. Dai ripoti ya maendeleo, taarifa ya haraka ya madhara makubwa, na maombi mapya kila andiko linapobadilishwa. Kamati inaweza kutembelea eneo la utafiti, na inaweza kuusimamisha.

Hakikisha pia namba ya simu ya kamati ipo kwenye nakala ya fomu anayobaki nayo mshiriki, na kwamba inapokelewa. Kabla ya kikao chako cha kwanza, ipigie.