Dira, Kibla na Makampuni ya Vifaa vya Meli

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ali zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu wanafunzi, katika darasa la fiqhi tumesoma kwamba kuelekea kibla ni sharti la swala, na kwamba anayeswali faradhi ndani ya merikebu hugeuka kila chombo kinapogeuka ili abaki ameelekea kibla. Kuyaandika haya daftarini ni rahisi. Lakini mtu aliye katikati ya bahari, mawingu yametanda, hakuna jua wala nyota wala ardhi inayoonekana, atakijuaje kibla? Na nahodha aliyebeba amana ya roho za watu ataijuaje njia? Maswali haya mawili jawabu lake ni moja, nalo ni vyombo vya kuonyesha uelekeo. Katika somo hili tutaangalia vyombo hivyo vilivyotengenezwa, nani waliovitengeneza na kuviuza, na mahali ambapo biashara ilikaribia kuwasahaulisha watu ubinadamu.

Wazee wa bahari ya Hindi walianza na nyota, na neema hiyo imetajwa katika Suratul An'am, aya ya 97. Manahodha wa Kiarabu walitumia kifaa kiitwacho kamal: kibao kidogo chenye uzi wenye mafundo. Nahodha huushika uzi kwa meno, akanyoosha kibao mbele ya uso wake, akapima nyota ya Jaha imepanda kiasi gani juu ya upeo wa bahari. Kipimo chao kilikuwa kidole. Aliyeandika zaidi kuhusu elimu hii ni Ahmad ibn Majid wa Julfar, upande wa Ras al-Khaimah ya leo, ambaye kitabu chake mashuhuri, Kitab al-Fawaid, kilikamilika mwaka 1490 hivi. Vitabu vingi vinasema ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi hadi Calicut mwaka 1498. Watafiti wengi wa karibuni wameikataa kauli hiyo, nasi tunaona wana haki; haifai kumbebesha mtu jambo lisilo na ushahidi, awe hai au maiti.

Jambo moja litawafurahisha walimu wenzetu. Mtu mwenye elimu ya njia chomboni, Waarabu walimwita muallim, neno lile lile tuitwalo sisi darasani.

Nyota ya Jaha ina upungufu wake. Ukishavuka mstari wa ikweta kuja kusini, kama Unguja au Dar es Salaam, huioni tena. Hapo ndipo dira inapokuwa na faida kubwa, kwani yenyewe haijali usiku wala mawingu. Na sisi wa mwambao huu tuna bahati ya pekee: Makka iko karibu kaskazini yetu moja kwa moja. Anayeswali Mombasa au Unguja, sindano ya dira humwonyesha kibla kwa tofauti ndogo tu. Lakini akipanda meli ya kwenda Bombay, kila siku kibla kinahama, mpaka akifika huko anakikuta upande wa magharibi. Basi asiikariri sindano, aijue elimu.

Sasa tuje kwenye meli za chuma. Kwa karne nyingi vyombo vilikuwa vya mbao, na dira ilikaa salama. Waingereza walipoanza kuunda meli za chuma katika karne ya 19, walijiletea balaa ambalo wengi hawakulitazamia: chuma cha meli chenyewe huwa kama sumaku, kikaivuta sindano. Mwezi wa Januari 1854 meli mpya ya chuma iitwayo Tayleur iliondoka Liverpool kwenda Australia, safari yake ya kwanza. Wenye meli walidhani wanakwenda kusini, kumbe wanakwenda magharibi. Siku mbili baadaye iligonga miamba ya kisiwa cha Lambay, karibu na Dublin, na watu zaidi ya 300 wakafa maji. Dira ilikuwepo. Ilikuwa inasema uongo.

Mtu aliyelishughulikia sana tatizo hili ni William Thomson, mwalimu wa chuo kikuu cha Glasgow, ambaye baadaye alipewa jina la Lord Kelvin. Alitengeneza dira nyepesi yenye sindano nane nyembamba zilizofungwa kwa nyuzi za hariri, akaiweka katika kabati lenye sumaku ndogo ndani yake na matufe mawili ya chuma, moja kulia na jingine kushoto. Kazi ya sumaku na matufe hayo ni kuupinga mvuto wa meli, ili sindano ibaki huru kuifuata dunia. Alichukua hati ya uvumbuzi mwaka 1876, na kazi ya kutengeneza akampa fundi James White wa Glasgow. Jeshi la majini la Uingereza liliikubali kuwa dira yake rasmi mwaka 1889. Karakana ya White ikawa kampuni, mwaka 1900 ikaitwa Kelvin & James White, na mwaka 1947 ikaungana na kampuni ya Henry Hughes ya London na kuwa Kelvin Hughes. Basi mkiona katika picha ya meli ya zamani kabati la dira lenye matufe mawili kama masikio, mjue asili yake.

Hata hivyo sumaku haiwezi yote. Mjerumani Hermann Anschütz-Kaempfe alikuwa na ndoto ya kufika ncha ya kaskazini ya dunia kwa nyambizi, akipita chini ya barafu. Ndani ya chuma kitupu, tena karibu na ncha, dira ya sumaku haifai kitu. Akaiacha sumaku kabisa, akatumia pia. Ndiyo, pia ile ile mnayoichezea uani! Pia ikizunguka kwa kasi haipendi kubadili mwelekeo wake. Gurudumu zito likizungushwa kwa umeme maelfu ya mara kwa dakika, likatundikwa kwa hesabu maalumu, basi mzunguko wa dunia wenyewe hulisogeza polepole mpaka mhimili wake usimame kuelekea kaskazini ya kweli, siyo kaskazini ya sumaku. Mwaka 1905 alianzisha kampuni ya Anschütz katika mji wa Kiel, na mwaka 1908 dira yake ikajaribiwa katika manowari ya Kijerumani. Ncha ya kaskazini mwenyewe hakufika.

Huko Marekani Elmer Sperry alianzisha kampuni yake Brooklyn mwaka 1910, akatengeneza dira ya namna hiyo hiyo. Wakafikishana mahakamani Berlin, kila mmoja akidai haki ya uvumbuzi. Mahakama ikamwita mtaalamu wa kuwaamulia, naye alikuwa Albert Einstein, ambaye zamani alifanya kazi katika ofisi ya hati za uvumbuzi huko Bern. Anschütz akashinda mwaka 1915. Kampuni zote mbili ziliendelea, na dira za pia zikaenea katika meli kubwa za dunia.

Lakini ugomvi ulio mzito zaidi kwetu, sisi wanafunzi wa dini, ni wa simu ya upepo. Guglielmo Marconi alianzisha mwaka 1900 kampuni maalumu ya kuweka mitambo ya redio melini. Kampuni haikuuza mitambo. Iliikodisha, pamoja na mtu wake wa kuiendesha, na ikaweka sharti: watumishi wake wasizungumze na meli yenye mitambo ya kampuni nyingine, isipokuwa ikiwa katika dhiki. Mwaka 1902 meli ya Kijerumani Deutschland, iliyombeba mwana wa mfalme Heinrich wa Prussia akirudi kutoka Marekani, ilipiga simu na vituo vya Marconi vikakataa kuijibu, kwa kuwa mitambo yake ilikuwa ya Kijerumani. Wajerumani wakaitisha mkutano Berlin mwaka 1903, kisha mwingine mwaka 1906. Huo wa pili ukakata shauri kwamba kila kituo na kila meli vipokeane bila kujali mitambo ni ya nani, na alama ya SOS ikakubaliwa kuwa wito wa dhiki wa mataifa yote.

Wapo watakaosema mfanyabiashara ana haki ya kulinda mali yake. Ni kweli, anayo. Ila wasome Suratul Maun mpaka mwisho wake, waone wanaolaumiwa pale kwa kuwazuilia wenziwao vyombo vya kufaana. Nahodha anayeuliza habari za ukungu au barafu iliyo mbele yake hayumo katika dhiki bado. Ukimnyima jawabu mpaka awe katika dhiki, umemsaidia nini?

Faida ya redio yenyewe haina shaka. Mwezi wa Januari 1909 meli Republic iligongwa katika ukungu karibu na pwani ya Marekani, na mtumishi wa Marconi, Jack Binns, akaita msaada kwa saa nyingi katika chumba kilichobomoka. Watu wapatao 1,500 wakaokolewa. Miaka mitatu baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 15 Aprili 1912, Titanic nayo ikaita. Meli Californian ilikuwa karibu kuliko Carpathia iliyokuja kuokoa, lakini mtu wake wa redio alikuwa mmoja tu, na alikwisha kuzima mtambo na kulala. Si makosa yake. Hakukuwa na sheria ya kukesha. Watu wapatao 1,500 wakafa. Mkataba wa kwanza wa kimataifa wa usalama wa watu baharini, uliotiwa saini London mwezi wa Januari 1914, ukaagiza meli za abiria ziwe na zamu ya kusikiliza redio usiku na mchana.

Vifaa vingine tutavitaja kwa ufupi, kwani nafasi ni ndogo. Kina cha maji wazee walikipima kwa bildi na kuhesabu pima. Siku hizi sauti hutumwa chini na mwangwi wake hupimwa. Kwa njia hiyo hiyo ndugu wawili wa Furuno, wa Nagasaki huko Japani, mwaka 1948 walianza kuuza mtambo wa kutafutia samaki, baada ya kusikia kwa wavuvi kwamba mapovu yanapopanda ndipo samaki walipo. Mafundi wa redio kupata elimu kwa wavuvi! Na tangu mwaka 1999 wito wa dhiki wa meli kubwa hupita katika setilaiti na mitambo ya kujiendesha, Morse ikapumzishwa.

Wazazi watauliza, kama vifaa ni vizuri hivi, mbona MV Bukoba ilizama mwaka 1996, na Spice Islander mwaka 2011 baina ya Unguja na Pemba? Meli ya Spice Islander ilibeba watu wengi kupita idadi iliyoruhusiwa. Hakuna kampuni, ya Glasgow wala ya Kiel, iliyouza kifaa cha kuhesabu abiria kwa niaba ya mtu asiyetaka kuhesabu. Mola awarehemu waliokufa maji.

Wanafunzi wa darasa la tano na la sita, kazi yenu ya wiki ni hii. Azimeni dira, muiweke mezani na mwandike inaonyesha wapi. Kisha sogezeni kisu au msumari mkubwa kulia kwake, mwandike tena. Halafu tafuteni mahali pa kuweka msumari wa pili ili sindano irudi ilipokuwa, na mchore picha ya mlivyofanya. Kazi iletwe Jumamosi baada ya swala ya alasiri.

Wabillahi taufiq.